Raja Ravi Varma, Mchoraji wa Picha Zilizomo Majumbani Mwetu

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya hekalu letu, wengine wataandika habari za waasisi waliochanga fedha, za mafundi waliojenga, na za makuhani waliotuongoza tangu mwanzo. Hao wote wanastahili kushukuriwa. Sisi tumeona vema tuandike habari za mtu mmoja ambaye hakupata kufika katika bara hili, lakini kazi ya mikono yake ilifika hapa kabla ya hekalu lenyewe. Wazee wetu waliposhuka kutoka melini hawakukuta jengo la ibada. Waliabudu nyumbani, mbele ya picha ya karatasi iliyotiwa katika fremu ya mbao, na wengi wao hawakujua jina la aliyeichora.

Katika duka la marehemu baba yetu picha hiyo ilitundikwa juu ya meza ya fedha. Ni picha ya Mama Lakshmi, mungu wa kike wa neema na ustawi, amesimama juu ya ua la yungiyungi, ana mikono minne, na kando yake yuko tembo. Kila mwaka ilipofika Diwali, baba aliishusha, akaupangusa mchanga na vumbi, akatia alama nyekundu juu ya kioo, kisha akafungua mbele yake vitabu vipya vya hesabu. Majirani zetu Waislamu na Wakristo walioingia kununua sukari na vitambaa waliiona tangu utotoni mwao. Miaka michache iliyopita kioo kilipasuka, tukaipeleka kwa jirani yetu fundi wa fremu. Alipokuja kuirudisha alituuliza huyu mama ni nani, na ni nani aliyemchora. La kwanza tulilijibu bila shida. La pili lilitushinda, na tuliona aibu, kwa kuwa tuliisujudia picha ile kwa zaidi ya miaka hamsini. Makala haya ni jibu letu kwake, na kwa kila jirani aliyewahi kuiona picha hiyo akajiuliza vivyo hivyo.

Ravi Varma alizaliwa tarehe 29 Aprili 1848 katika kasri ya Kilimanoor, katika ufalme wa Travancore, sehemu ambayo leo ni jimbo la Kerala, kusini mwa India. Ukoo wake ulikuwa na ujamaa wa ndoa na watawala wa Travancore. Mama yake alikuwa mtunzi wa mashairi, baba yake mwanazuoni wa Kisanskriti, na mjomba wake, Raja Raja Varma, alikuwa mchoraji. Husimuliwa kwamba mtoto huyo alizoea kuchora wanyama kwa mkaa katika kuta za nyumba, na watumishi wakanung'unika. Mjomba hakumwadhibu. Alimchukua akamfundisha.

Inafaa hapa tueleze uchoraji aliourithi ulikuwa wa namna gani, kwa sababu bila hivyo hatutaelewa alichokibadilisha. Katika mahekalu ya Kerala picha za miungu zilichorwa juu ya kuta. Ukuta ulipakwa lipu ya chokaa na mchanga, ukasafishwa na kulainishwa, na katika kuandaa tabaka la juu mafundi walitumia pia maji ya dafu. Rangi zilikuwa tano: manjano na nyekundu zilitokana na udongo na mawe yaliyosagwa, nyeusi ilitokana na masizi ya taa, kijani ilipatikana kwa kuchanganya nili na utomvu wa manjano wa mti, na nyeupe ilikuwa ni weupe wa ukuta wenyewe. Gundi ya mwarobaini iliyashikamanisha yote. Fundi alianza na manjano na kumaliza na mistari myeusi. Rangi hazikuwa za kujipendezea tu, kwani kila moja ilionyesha tabia ya mungu anayechorwa.

Mjomba wake naye alifuata mtindo wa Tanjore. Katika mtindo huo ubao wa mfenesi hubandikwa kitambaa, hupakwa chaki na gundi, kisha mapambo huinuliwa kwa udongo laini, hufunikwa kwa dhahabu iliyofuliwa nyembamba mno, na hupachikwa vipande vya kioo. Kazi hizo ni za kupendeza sana, na baadhi yetu tumezikuta katika mahekalu tulipokwenda kuhiji India. Lakini ukuta hauhamishiki, na dhahabu si mali ya maskini.

Mwaka 1862, akiwa na umri wa miaka 14, Ravi Varma alipelekwa na mjomba wake Trivandrum, katika jumba la Maharaja Ayilyam Thirunal, mfalme aliyependa sanaa. Huko aliona picha zilizochorwa kwa rangi za mafuta kutoka Ulaya. Rangi hizo husagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani, nazo hukauka polepole. Mchoraji hupata siku kadhaa za kulainisha shavu, kukifanya kivuli kiingie katika mwanga bila mpaka, na kupaka tabaka jembamba juu ya tabaka jingine hata ngozi ikaonekana kama ina damu chini yake. Tangu mwaka 1841 rangi hizo zilikuwa zikitiwa katika vibomba vya bati laini, hivyo ziliweza kusafirishwa mbali zisiharibike. Kijana alizitamani mara moja.

Kuzijua halikuwa jambo jepesi. Mchoraji wa ikulu aliyekuwa na ujuzi huo hakutaka kumfundisha, akiogopa kupata mshindani. Husimuliwa kwamba mwanafunzi wa mchoraji huyo, Arumugham Pillai, alimwendea Ravi Varma usiku kwa siri akamwonyesha namna ya kuchanganya. Mwaka 1868 alifika Trivandrum mchoraji kutoka Ulaya, Theodor Jensen, ili kuchora picha za watawala. Naye hakukubali kuwa mwalimu, ila kwa ombi la Maharaja alimruhusu kijana asimame kando atazame. Ravi Varma alitazama, kisha akarudi chumbani mwake akajaribu, akaharibu, akajaribu tena. Sisi tuliojifunza biashara kwa kusimama nyuma ya meza ya wazee wetu tunaijua elimu ya namna hiyo.

Kabla ya kuanza kuchora kwa malipo alikwenda kuhiji katika hekalu la Mama Mookambika huko Kollur, akakaa katika ibada. Jambo hilo halikuwa dogo kwa mtu wa ukoo wake. Watu wa hadhi yake hawakutazamiwa kupokea ujira kwa kazi ya mikono, na baadhi ya jamaa waliona ni kushuka daraja. Yeye alichora picha za mahakimu, za wafalme na za wake zao, akapokea malipo, wala hakuona haya. Mwaka 1873 picha yake ya mwanamke wa Kinayar akijipamba nywele ilituzwa Madras, na katika mwaka huo huo kazi yake ikatambuliwa katika maonyesho makubwa ya Vienna. Mwaka 1893 picha zake kumi zilipelekwa katika maonyesho ya Chicago, Marekani, nazo zikapata medali.

Sasa tunafika katika sehemu inayotugusa sisi wenye asili ya Gujarat. Mwaka 1881 Ravi Varma alialikwa Baroda katika sherehe za kumtawaza Maharaja Sayajirao Gaekwad wa Tatu. Miaka michache baadaye, mwaka 1888, Maharaja huyo alimwagiza picha 14 za visa vya Ramayana, Mahabharata na Purana. Hapo mchoraji alikumbana na swali gumu. Miungu na mashujaa wetu walivaa nini? Katika Kerala watu walivaa namna moja, Bengal namna nyingine, Maharashtra na Gujarat namna nyingine kabisa. Kila fundi wa zamani alimvika mungu mavazi ya kwao. Ravi Varma na mdogo wake, C. Raja Raja Varma, ambaye naye alikuwa mchoraji na msaidizi wake mkuu, walifunga safari ndefu kaskazini mwa India wakitazama nguo, mapambo, majengo na nyuso za watu. Mwishowe alichagua sari, vazi ambalo mwanamke wa kila jimbo angeweza kulitambua kuwa ni lake. Ndiyo sababu Mama Lakshmi wake hafanani na mgeni katika nyumba ya Mhindu yeyote, awe wa Kutch, wa Tamil Nadu au wa Punjab.

Picha zile 14 zilipokamilika zilionyeshwa hadharani kabla ya kutundikwa katika jumba la Baroda, na watu wa kawaida wakafurika kuzitazama. Wengi waliziabudu pale pale. Ravi Varma aliona kwa macho yake kwamba watu hao wangerudi makwao mikono mitupu. Picha ya rangi za mafuta ni moja tu, na mwenye nayo ni mfalme. Hata kabla ya hapo T. Madhava Rao, aliyekuwa waziri mkuu wa Travancore na baadaye wa Baroda, alikuwa amemshauri atafute njia ya kuzichapa picha zake kwa wingi, kwa sababu mkono wa mtu mmoja hautoshelezi haja ya nchi nzima.

Mwaka 1894 alifungua kiwanda cha kuchapa picha huko Bombay, kwa mitambo na mafundi kutoka Ujerumani. Njia yenyewe inastahili kuelezwa, kwa maana wengi hudhani picha hizo zilipigwa kwa kamera. Fundi huchora kwa wino wenye mafuta juu ya bapa la jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini, na mawe bora ya namna hiyo hupatikana Bavaria. Kisha jiwe hulowanishwa kwa maji. Palipochorwa hukataa maji, na palipobaki hunywa maji. Rola yenye wino wa mafuta ikipitishwa juu yake, wino hushika pale palipochorwa tu, kwani mafuta na maji havipatani. Karatasi hukandamizwa juu ya jiwe, na rangi moja hutoka. Kwa rangi ya pili huhitajika jiwe la pili, na kwa ya tatu jiwe la tatu, hata picha moja ikahitaji mawe kumi au zaidi. Kila mara karatasi sharti ilazwe mahali pale pale, kwani ikisogea kidogo tu midomo ya Mama itaonekana kando ya uso wake. Mwisho picha ilipakwa vanishi, na nyingine zilikandamizwa zipate mikunjo kama ya kitambaa, ili zifanane na picha ya mafuta.

Picha ya kwanza kutoka kiwandani ilikuwa ya kuzaliwa kwa Shakuntala. Baadaye zikafuata za Mama Lakshmi, za Mama Saraswati mwenye veena na tausi, za Bwana Rama, za Bwana Krishna, na nyingine nyingi. Zilisafiri kwa treni na kwa meli. Wanawake walizishonea nyuzi za dhahabu na vipuli vya kung'aa juu ya sari iliyochapwa, hata kila familia ikawa na Mama Lakshmi wake. Babu yetu alikuja na ya kwake ikiwa imeviringishwa ndani ya nguo katika sanduku la bati. Yumkini babu za wasomaji wengi walifanya hivyo hivyo.

Kama mfanyabiashara, hata hivyo, Ravi Varma hakufanikiwa. Sisi tulio katika biashara hatuna budi kulisema hili kwa heshima, kwani tunajua uzito wake. Mtaji mkubwa ulikuwa umelala katika mawe, mitambo na mishahara ya wageni. Ushirika wake na mfanyabiashara wa Bombay ulivunjika. Mwaka 1896 tauni iliingia Bombay, na mwaka 1899 kiwanda kikahamishiwa Malavli, karibu na Lonavala. Madeni yakazidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 alilazimika kukiuza kiwanda kwa Fritz Schleicher, Mjerumani aliyekuwa fundi wake, pamoja na haki ya kuchapa picha zake nyingi. Tangu hapo picha hizo zilipochapwa upya, zikanakiliwa juu ya kalenda na viberiti, na kuuzwa hata ng'ambo, faida haikumrudia yeye.

Mwaka 1904 serikali ya Waingereza ilimpa nishani ya dhahabu ya Kaiser-i-Hind. Furaha hiyo ilikuwa fupi. Mwezi Januari 1905 mdogo wake, aliyesafiri naye, aliyechora naye, na aliyeandika kumbukumbu za safari zao, alifariki dunia. Ravi Varma hakuishi sana baada yake. Alirudi Kilimanoor, akafariki tarehe 2 Oktoba 1906, akiwa na umri wa miaka 58.

Baada ya kifo chake sifa yake ilishuka. Wataalamu kadhaa, akiwemo Ananda Coomaraswamy, walimlaumu kwamba aliwachora miungu kama waigizaji jukwaani, kwa mbinu za Ulaya, na kwamba aliiacha njia ya mafundi wa kale. Nao waliona chapa zake za karatasi kuwa ni bidhaa ya bei rahisi isiyostahili kuitwa sanaa. Lawama hizo zina kiasi fulani cha ukweli. Aliyeuona ukuta wa kale wa Kerala ataelewa kuna kitu kilichopotea pale rangi tano zilipoachwa. Lakini tunawaomba wasomaji wapime pia lile lililopatikana.

Katika Travancore ya siku zake Wahindu wengi waliozaliwa katika tabaka zilizoitwa za chini hawakuruhusiwa kuingia hekaluni. Wengine hawakuruhusiwa hata kupita katika barabara za karibu. Mtu wa namna hiyo angeweza kuishi na kufa bila kuuona uso wa mungu aliyemwomba kila siku. Picha ya karatasi haikumuuliza mnunuzi tabaka lake. Alilipa bei ndogo, akaitundika katika kibanda chake, akawasha taa, na mungu akawa mbele yake. Hatusemi kwamba Ravi Varma alikusudia kupindua utaratibu huo. Alikuwa mtu wa ukoo wa kifalme, na alitaka pia kuuza. Hata hivyo matokeo yalikuwa hayo, nayo yalikuja miaka arobaini kabla ya sheria kubadilika.

Na sheria ilipobadilika, iliandikwa na damu yake mwenyewe. Mwaka 1900 wajukuu wake wawili wa kike walichukuliwa kuwa watoto wa ukoo wa kifalme wa Travancore, ambao haukuwa na warithi. Mmoja wao, Sethu Parvathi Bayi, akamzaa Chithira Thirunal, Maharaja wa mwisho kutawala Travancore. Tarehe 12 Novemba 1936 Maharaja huyo kijana, kitukuu cha mchoraji wetu, alitoa tangazo la kuyafungua mahekalu yote ya serikali ya Travancore kwa kila Mhindu bila kujali tabaka. Mahatma Gandhi mwenyewe alikwenda huko mwanzoni mwa mwaka 1937 kushangilia jambo hilo. Milango ambayo babu mzaa bibi aliipita kwa karatasi, kitukuu aliifungua kwa amri.

Leo picha zake za mafuta zimehifadhiwa Baroda, Trivandrum, Mysore na kwingineko, na sheria ya India inazihesabu kuwa hazina ya taifa zisizoruhusiwa kuuzwa nje ya nchi. Kiwanda cha Malavli kiliungua mwaka 1972, na mawe mengi yakapotea. Baadhi ya chapa zilizobaki ni zile zilizomo majumbani mwa watu kama sisi, zilizopauka kwa jua na kuliwa na wadudu pembeni.

Hapa tuna ombi kwa waumini wenzetu. Tumejaliwa hekalu zuri, na murti za marumaru zinazopambwa kila asubuhi. Vijana wanapojenga nyumba mpya hununua picha mpya zenye taa za umeme, na zile kuukuu huziona hazina kazi. Desturi yetu inaruhusu picha iliyochakaa kuagwa kwa heshima majini. Kabla ya kufanya hivyo, tafadhali ishusheni, ifungueni fremu, mtazame ukingo wa chini wa karatasi. Huenda mkakuta jina la kiwanda cha Ravi Varma limeandikwa kwa herufi ndogo. Mkilikuta, msiitupe wala msiizamishe. Ileteni hekaluni, na kama haiwezi tena kutundikwa, tutaitafutia mahali pakavu pa kuihifadhi.

Ya kwetu tuliifungua, fundi wa fremu akiwa amesimama kando yetu. Ukingo wa chini ulikuwa umeliwa na mchwa, na hakuna jina lililosomeka. Tuliirudisha nyuma ya kioo kipya hivyo hivyo, naye jirani yetu akakataa kupokea malipo ya kazi yake. Imerudi mahali pake juu ya meza ya fedha. Diwali ijayo tutafungua vitabu mbele yake kama alivyofanya baba, na mara hii tutamkumbuka pia aliyeichora.